Ulimwengu Pepe Si Mapepe

Msafiri atokaye Eldoret kuelekea Nakuru hupita Cheptiret, na hapo ndipo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi anapoiacha barabara kuu na kushika njia ya Kesses. Huku na huku ni mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe. Wenyeji wa eneo hili ni wakulima, na mkulima hahitaji kamusi imfafanulie tofauti kati ya punje na kapi. Kwa sababu hiyo, hapa panafaa sana kulitazama neno moja lililoota mizizi katika Kiswahili cha tarakilishi. Neno lenyewe ni "pepe". Kuna barua pepe, kuna uhalisia pepe, na sasa kuna ulimwengu pepe, yaani zile dunia zilizoundwa ndani ya mtandao, ambamo watu huingia, hutembea, hujenga, huuza na kununua ilhali miili yao imeketi kimya mbele ya kioo cha tarakilishi.

Yamkini walioanza kuitumia istilahi hii walikuwa na upepo akilini: kitu chepesi, kisafiricho bila kushikika. Lakini mpunga pepe ni ule usio na kiini, ule upeperukao ungo unapopepetwa. Lugha ina tabia ya kusema zaidi ya alichokusudia msemaji, na hukumu iliyojificha katika neno hili ndiyo hukumu itolewayo na wengi, wakiwamo wahadhiri na wazazi, kila wamwonapo kijana akijenga nyumba isiyolalika au akishona nguo isiyovalika. Huambiwa anachezea wakati. Na mwanafunzi wa Kiswahili akionekana katika shughuli hiyo, lawama huwa maradufu, kwani huambiwa kwamba hayo ni ya wenzake wa sayansi ya tarakilishi. Yeye arudi kwenye ngeli na tenzi zake.

Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Dunia hizi ni kazi ya ubunifu kama ulivyo useremala au ufinyanzi, na sehemu kubwa ya udongo unaozifinyanga ni lugha. Kwa hivyo mwanafunzi wa Kiswahili anazo haki na wajibu wa kuwamo miongoni mwa wajenzi tangu msingi unapochimbwa. Akingoja kuitwa atafsiri vibandiko baada ya paa kuezekwa, atakuta kila chumba kimekwisha pewa jina na kila jina limekwisha amua chumba kiwe cha namna gani.

Ni vyema kwanza kueleza kinachozungumziwa, maana wengi huvichanganya vitu hivi na michezo ya kukimbizana na kupigana. Mnamo Juni 2003, kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, iliyoasisiwa na Philip Rosedale, iliufungulia umma ulimwengu uitwao Second Life. Ulimwengu huo haukuwa na adui wa kuuawa wala hatua za kupanda. Mgeni alikabidhiwa anga, ardhi na maumbo machache sahili: mche, tufe, pia, mcheduara. Vilivyobaki ilikuwa juu yake. Kutokana na maumbo hayo watu walijenga makanisa, majahazi, madarasa, maduka ya viatu na vijiji vizima; wakatokea washonaji wasiokuwa na cherehani, wachonga nywele, wahunzi wa mapambo na madalali wa ardhi. Novemba 2003 kampuni hiyo ilitangaza jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kabisa katika biashara ya aina hiyo: kwamba aliyebuni kitu humo angebaki na hakimiliki yake. Sarafu ya humo, dola ya Linden, iliweza kubadilishwa kwa dola ya Marekani. Mnamo 2006 mwanamke mzaliwa wa China aliyeishi Ujerumani, Ailin Graef, ajulikanaye humo kwa jina la Anshe Chung, alitangaza kwamba mali yake katika ulimwengu huo ilikuwa imevuka thamani ya dola milioni moja. Alianza na vitu vidogo vidogo, akaishia kununua, kupamba na kukodisha ardhi.

Afrika Mashariki ilikuwa wapi wakati huo? Jibu ni la kusikitisha, ingawa si la aibu. Hadi katikati ya 2009 mawasiliano ya mtandao ya Kenya na dunia yalitegemea setilaiti, kwa gharama ambayo mkahawa wa mtandao uliihesabu kwa dakika na mteja akaihesabu kwa jasho. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka huo, wenzetu wa kwingineko walikuwa wamejenga humo kwa miaka sita. Kijana wa Kenya hakukosa kipawa. Alikosa kamba ya kufikia kisima. Ushahidi upo. Mwaka 2007, kabla ya nyaya hizo, Wesley Kirinya alitoa mjini Nairobi mchezo wa tarakilishi wa pande tatu, The Adventures of Nyangi, ambao shujaa wake ni mwanamke anayezisaka hazina za kale za Afrika. Mwaka 2015 Black Division Games wakafuata na Nairobi X, ambamo jiji lenyewe ndilo uwanja wa vita. Kazi hizi mbili ni michezo hasa kuliko ulimwengu wazi wa kujenga, lakini zilithibitisha kwamba mikono ya kuunda ipo.

Mfano wenye uzito zaidi, hata hivyo, haukutokana na biashara wala burudani. Ulitokea Kibera.

Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Gigiri jijini Nairobi, lilishirikiana na kampuni ya Mojang ya Uswidi kuanzisha mradi ulioitwa Block by Block. Mojang ndio waundaji wa Minecraft, ule ulimwengu wa vitofali vya mraba ambamo mchezaji huvunja na kupanga, huvunja na kupanga, mpaka mlima ukawa ngome. Huko Uswidi mchezo huo ulikuwa umekwisha tumiwa kuwashirikisha wakazi katika mipango ya kukarabati mitaa yao ya zamani. UN-Habitat walijiuliza kama mbinu hiyo ingefaa katika miji maskini, na mahali pa kwanza pa majaribio palikuwa Kibera, kwenye uwanja wa michezo wa Silanga.

Utaratibu wa kazi hii unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndani yake ndimo lilimo jibu kwa wanaopepeta kila kitu na kukiita kapi. Mahali halisi hujengwa upya ndani ya mchezo kwa kufuata ramani na picha. Kisha wakazi huitwa kwenye warsha ya siku chache: vijana, wazee, akina mama, wachuuzi, na wengi wao hawajawahi kushika kipanya. Huketi watu kadhaa kwa tarakilishi moja, jambo ambalo pengine lilianzia katika uhaba lakini likageuka kuwa neema, kwani wawili wanaogawana kipanya hawana budi kujadiliana kabla ya kuweka tofali. Mmoja anataka ukuta, mwenzake anauliza ukuta huo utamfungia nani nje. Mwishoni kila kikundi husimama kuonyesha na kutetea kilichojenga mbele ya wenzao, wasanifu majengo na wakuu wa mji, na mapendekezo yanayokubaliwa huunganishwa ili wataalamu wayafanyie kazi.

Fadhila ya njia hii iko wapi? Ramani ya msanifu majengo ni lugha ya wachache. Mistari yake, vipimo vyake na vivuli vyake humfanya mkazi wa kawaida aitikie kwa kichwa ili asionekane mjinga, na kuitikia huko huandikwa kuwa ni "maoni ya wananchi". Ndani ya ulimwengu wa vitofali mkazi hasomi ramani, anatembea. Muuza mboga akipita humo jioni ya kubuni ataona mara moja kwamba taa imewekwa mbali na njia anayopita, na kwamba benchi limekaa mahali ambapo maji ya mvua hutuama. Atalihamisha. Baadaye mbinu hii ilitumiwa pia katika bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi, na katika miji ya mbali kama Kirtipur nchini Nepal na Les Cayes nchini Haiti. Mji wa kuwazika uliwapa watu wasio na ardhi wala cheo nafasi ya kusema jambo kuhusu mji wa mawe na matope. Je, punje ya namna hii haina kiini?

Pamoja na sifa hizo zote, kuna dosari ambayo mpenzi wa Kiswahili hawezi kuifumbia macho. Mradi uliojaribiwa kwanza Kibera ulipewa jina la Kiingereza, na taarifa zilizousambaza duniani ziliandikwa kwa Kiingereza. Uwanja ulikuwa wa Silanga. Maneno yaliyousimulia hayakuwa ya Silanga. Hakuna haja ya kumlaumu mgeni kwa hilo, maana Waswahili walikwisha kusema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Swali ni kwa nini idara za Kiswahili, ambazo zimetapakaa katika vyuo vikuu vya nchi hii, hazikuwa na mtu katika chumba kile, wala hazikuona kwamba walipaswa kuwa naye.

Huenda jibu ni kwamba bado lugha inafikiriwa kuwa rangi ya kupaka baada ya nyumba kukamilika. Mtazamo huo unaonekana hata katika juhudi zilizo njema. Mwaka 2004 mradi uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na kazi ile ya kubuni istilahi ilikuwa ya kishujaa. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa imechorwa kwingine. Kiswahili kilipewa kupaka kuta. Katika dunia za mtandaoni uwezekano ni mkubwa zaidi, kwa sababu humo Kiswahili kinaweza kuchora.

Chukua nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mbunifu asiyejua Kiswahili akitakiwa kuijenga katika ulimwengu pepe atatafuta picha, ataona kuta nyeupe na mlango wa nakshi, kisha atajenga sanduku jeupe lenye mlango wa nakshi. Anayejua lugha ataanza na majina. Daka ni ukumbi mdogo wa kuingilia wenye baraza za mawe, ambapo mgeni asiyezoeleka hukomea. Kiwanda ni ua wa ndani unaoleta mwanga na hewa. Msana ni chumba kirefu kinachoutazama ua huo, na baada ya msana mmoja huja mwingine ulio ndani zaidi, kisha ndani yenyewe, na ukutani mwake zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu. Sabule ni chumba cha mgeni, mbali na wanawake wa nyumba. Wikio ni chumba kilichovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili ili watu wapite bila kushuka njiani. Majina haya yakiorodheshwa kwa mpangilio wake, ramani tayari imechoreka: ni safari kutoka hadharani kwenda faraghani, hatua kwa hatua, na kila hatua ina jina kwa sababu kila hatua ina adabu yake. Anayeyaita yote "chumba" hupoteza safari nzima. Nyumba yake inaweza kuwa nzuri, ila mgeni ataingia moja kwa moja hadi kitandani mwa mwenyeji bila kukohoa.

Vipimo si tatizo tena. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima majengo ya kale ya Lamu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza na kutengeneza mifano yake ya pande tatu. Kazi hiyo ni amana kubwa. Lakini leza hupima unene wa ukuta. Haiulizi nani aliruhusiwa kuuegemea. Hilo huulizwa na anayejua mlango una mfaa, una miimo na una kizingiti, na anayejua pia kwamba hodi hupigwa upande gani wa hicho kizingiti.

Leso ni funzo la pili, na pengine lenye nguvu zaidi. Fundi wa leso huigawa mara tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Uwanda wa katikati wa kitambaa kuitwa mji ni jambo la kumfikirisha yeyote anayesoma usanifu. Na leso isiyo na jina huonekana pungufu, haidhuru rangi zake zivutie namna gani. Ina maana kwamba katika utamaduni wa Waswahili uandishi na uchoraji vimeketi pamoja katika nguo moja kwa zaidi ya karne. Sasa, nguo ni miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa sana katika Second Life, na hadi leo katika Roblox, ulimwengu uliofunguliwa mwaka 2006 na ambao hupendwa mno na watoto, mavazi ya kubuni ni biashara kubwa. Kitambaa kilichosanifiwa tangu mwanzo kiseme na kinachovaliwa na mtu ili kumjibu jirani bila kufungua kinywa, kingepata wapi soko bora kuliko katika dunia ambamo watu hukutana kwa sura za kubuni? Kinachohitajika ni mtu mwenye kujua jina lipi laandikwa kwa furaha, lipi kwa mafumbo, na lipi huanzisha vita.

Hata hiyo sura ya kubuni, ambayo Waingereza waliiazima neno lake kutoka Sanskriti, inangoja kubatizwa. "Avata" limekwisha ingia vinywani na huenda likabaki. "Kinyago" kina mvuto, lakini ni kitu cha mti kisichojisogeza. "Kivuli" humfuata mtu, ilhali hapa mtu ndiye afuataye. Neno ambalo halijafikiriwa vya kutosha ni "kiti". Katika uganga wa pwani, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti, maana ndiye akaliwaye, naye pepo ndiye asemaye na kutembea kupitia kwake. Katika dunia za mtandaoni mambo yamepinduka: binadamu ndiye pepo, na sura ile ndiyo kiti chake. Wachamungu wanaweza kulikataa neno hilo, na wana haki. Hata hivyo mjadala wa namna hiyo ndio kazi halisi ya mwanaisimu, na hauwezi kufanywa na mtu ambaye hajawahi kuingia humo akaona kinachohitaji jina.

Wala isidhaniwe kwamba fasihi ya Kiswahili ni mgeni katika ujenzi wa dunia zisizokuwapo. Shaaban Robert aliitundika Kusadikika hewani mwaka 1951, nchi yenye sheria, mahakama, mipaka na wajumbe, na jina lake peke yake ni maelezo ya namna ya kuingia humo. Nusu karne kabla ya Second Life, Kiswahili kilikuwa na ulimwengu pepe wake. Kilichokosekana ni tarakilishi tu.

Yapo mapingamizi ambayo hayafai kupuuzwa. Kuhusu uraibu hakuna haja ya maneno mengi: mtu anayeacha mihadhara kwa ajili ya mchezo atafeli, kama afelivyo anayeiacha kwa ajili ya bao au kandanda. Gharama ni hoja nzito zaidi. Tarakilishi iwezayo kuonyesha pande tatu bila kugugumia haiko katika kila chumba cha kupanga, data hununuliwa kwa fedha ambazo zingenunua unga, na umeme nao una hiari yake. Lakini hoja iliyo nzito kupita zote ni ya umiliki, na wapenzi wa dunia hizi huikwepa.

Anayejenga katika ulimwengu wa mtu mwingine hujenga katika ardhi ya kupanga. Novemba 2006 wabunifu wa Second Life waliamka wakakuta programu iitwayo CopyBot inaweza kunakili kitu chochote kilichokuwa mbele ya macho, na wengi wakafunga maduka yao kwa maandamano. Kampuni ilipiga marufuku matumizi ya programu hiyo, ila somo lilikuwa limekwisha ingia. Google walifungua ulimwengu wao, Lively, Julai 2008, wakaufunga kabla ya mwaka kwisha, na vyote vilivyojengwa humo vikaondoka nao. Katika Roblox, kwa miaka mingi mnunuzi alitoa takriban senti moja na robo ya dola kwa Robux moja, lakini mbunifu aliyetaka kuigeuza iwe fedha halisi alipewa senti 0.35 kwa Robux hiyohiyo. Mwenye nyumba alikula sehemu kubwa ya mavuno kabla mkulima hajakaribia ghala.

Historia ya leso inayajua haya. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, michoro na maneno yaliyopendwa Zanzibar na Mombasa yalichapwa katika viwanda vya Uholanzi na Uingereza, baadaye India na Japani, na faida ya mitambo ikabaki huko. Hata hivyo wafanyabiashara wa Mombasa hawakukaa kimya. Kaderdina Hajee Essak, ambaye wateja walimjua kwa jina la Abdulla, alihakikisha kila leso yake imechapwa alama K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Kiwanda kilikuwa cha mbali, lakini mtu yeyote aliyeifunga leso ile aliweza kusoma ni mali ya nani. Mbunifu wa Kiswahili wa leo anahitaji ukaidi uleule.

Ndiyo sababu ingekuwa kosa kwa vyama vya Kiswahili kukimbilia majukwaa makubwa kwa pupa ya zawadi. Mfano wa karibu upo. Kati ya 2009 na 2010 Google waliandaa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala mia kadhaa yaliandikwa, washindi wakatuzwa, na wengi wa washiriki hawakurudi tena. Shindano lilikuwa la mwenye zawadi. Jumuiya hujengwa na watu wanaorudi kesho yake bila kuitwa, na watu hurudi mahali ambapo wana sauti kuhusu sheria, majina na mipaka.

Mahali pa aina hiyo panawezekana bila mtaji mkubwa. Iko programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na ambayo tangu 2024 inaitwa Luanti. Inafanana na Minecraft kwa vitofali vyake, lakini haina mwenye nyumba: hupatikana bure, huendeshwa na tarakilishi za kawaida, na yeyote aruhusiwa kuifungua, kuibadilisha na kuyapa matofali yake majina atakayo. Muhimu zaidi kwa wanaoishi Cheptiret na Kesses, tarakilishi kadhaa zilizounganishwa katika chumba kimoja zinaweza kuiendesha bila mtandao wa nje, kwa hiyo hakuna data ya kununua. Chuo Kikuu cha Moi kina Idara ya Kiswahili na Lugha Nyingine za Kiafrika, kina wanafunzi wa sayansi ya habari na wa uhandisi, na mwaka 2007 kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mjini Eldoret. Ni vyuo vichache vya kanda hii vilivyowahi kuwa na lugha, tarakilishi na vitambaa chini ya mwavuli mmoja. Leso iliyochorwa katika ulimwengu pepe na mwanafunzi wa Kiswahili ingeweza, angalau kwa nadharia, kuchapwa mahali pasipo mbali sana na darasa lake.

Kazi ya mwanzo isiwe kubwa. Nyumba moja ya Lamu inatosha, kuanzia daka hadi ndani, kila sehemu ikiitwa kwa jina lake na kila jina likiwa na mtu aliyelitafiti kwa wazee au kwa vitabu na anayeweza kulitetea. Wenzao wa kitivo kingine washughulikie waya na mitambo. Wazungumzaji wa Kikalenjin walio katika chama hicho wajenge upande wa pili nyumba ya kwao, kwa majina ya kwao, ili ionekane ni wapi lugha hizi mbili zinagawa nafasi kwa namna tofauti. Na kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, kikao cha chama kiamue kazi hiyo itakuwa mali ya nani, itatolewa kwa leseni gani na nani ataitunza waasisi watakapohitimu, kisha uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu na uchongwe, kwa herufi zinazosomeka, juu ya kizingiti cha nyumba yenyewe.